Hojaji ya Kazi Iliyotafsiriwa kwa Kiswahili: Inapima Nini, na Nani Amethibitisha?

Tangu kundi la kwanza la mtaala wa umilisi liingie Gredi ya 10 Januari 2026, neno "mkondo" halikauki midomoni mwa wazazi, kuanzia Nakuru hadi Busia. Mtoto aende STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo? Penye uamuzi mzito namna hiyo, fomu za maswali hazikosi. Mwanafunzi hupewa karatasi, hutia alama kwenye visanduku, na mwishowe hupata nambari: 3.1 kati ya 5. Baba anauliza kama huko ni kupita au kuanguka. Mama anauliza kama ndiyo kusema mtoto hafai uhandisi. Mkanganyiko hauishii nyumbani. Wanafunzi wa uzamili wanaotumia hojaji kama hizo katika tasnifu zao mara nyingi huamini kwamba zikishatafsiriwa na mwalimu mzuri wa Kiswahili, kilichobaki ni kutoa nakala na kuzigawa darasani.

Kutafsiri ni mwanzo tu. Hojaji iliyotafsiriwa inatoa dai: kwamba inapima kwa mwanafunzi wa Kakamega kitu kilekile ilichopima kwa mwanafunzi wa Marekani. Dai hilo linahitaji ushahidi, na ushahidi wenyewe hutoka kwa wanafunzi watakaoijaza. Bila ushahidi huo, 3.1 ni wino juu ya karatasi, na haifai kumfungulia wala kumfungia mtoto mlango wowote.

Kinachopimwa chenyewe

Watafiti wanazungumzia uwezo wa mtu kujiandaa kwa kazi za mbele, kukabili mabadiliko asiyoyatarajia, na kujipanga upya mambo yanapokwenda kombo. Hapa nitauita unyumbufu wa kikazi. Wazo lilianzia kwa Donald Super, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miaka mingi kuchunguza jinsi vijana wanavyokomaa kikazi. Mwaka 1981 yeye na mwenzake Knasel walieleza kwamba "ukomavu" haumfai mtu mzima, kwa sababu mtu mzima hakomai mara moja akamaliza. Kazi hubadilika naye akiwa ndani yake. Mwaka 1997 Mark Savickas akapendekeza kwamba dhana ya unyumbufu ichukue nafasi ya ukomavu kwa watu wa rika zote, vijana wakiwemo.

Watu wa Mumias hawahitaji kusomewa nadharia hiyo. Kwa miaka mingi kijana wa huko alikua akijua kwamba kuna kiwanda cha sukari, kuna miwa, kuna matrekta, na kwamba mlango wa ajira uko hapo. Mwaka 2019 kiwanda, kikiwa kimelemewa na madeni, kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika mali kwa niaba ya wanaodai. Fundi aliyekuwa na ujuzi wa mitambo ya sukari pekee alilazimika kujiuliza ujuzi huo unaweza kufanya kazi gani nyingine, wapi, na kwa nani. Kujiuliza huko, na kuchukua hatua baada yake, ndiko unyumbufu wa kikazi.

Mwaka 2012 Savickas na Erik Porfeli walichapisha hojaji ya kuupima. Ina kauli 24, na ilijaribiwa katika nchi 13. Kutoka Afrika yote ilikuwamo Afrika Kusini peke yake, jambo ambalo msomaji wa Kisumu anafaa kulikumbuka. Kauli hizo zimegawanyika katika sehemu nne za kauli sita sita. Ya kwanza ni kujali mustakabali: je, mwanafunzi huwaza kesho yake na kujiandaa? Ya pili ni kumiliki maamuzi: je, anaona kwamba maisha yake yako mikononi mwake? Ya tatu ni udadisi: je, huchunguza nafasi zilizopo kabla ya kuchagua? Ya nne ni kujiamini: je, anaona anaweza kujifunza stadi mpya na kuvuka vikwazo? Kwa kila kauli anaeleza uwezo huo umekua kiasi gani ndani yake, kuanzia 1, usio na nguvu, hadi 5, wenye nguvu kuliko zote.

Hapo ndipo lilipo jibu la yule mama. Hakuna kauli hata moja kati ya 24 inayouliza kuhusu fizikia, ufugaji, sheria au muziki. Hojaji hii haisemi mtoto awe nani. Inagusia utayari wake wa kutafuta, kuamua na kujirekebisha, awe anaelekea uhandisi au ususi. Na baba ajue kwamba haina kupita wala kuanguka. Hakuna alama ya kufaulia. Kisha, utayari huo hujengeka: mwanafunzi mwenye alama ya chini ya udadisi mwezi Februari anaweza kuwa mwingine kabisa mwezi Agosti ikiwa mtu atampeleka karakana, maabara na ofisi akaona kwa macho yake kazi zinavyofanywa.

Uthabiti na uhalali

Maneno haya mawili huchanganywa kila siku, hata katika vyumba vya kutetea tasnifu.

Sokoni Kibuye, mahindi hupimwa kwa gorogoro, mkebe unaotarajiwa kubeba takriban kilo 2. Sasa chukua gorogoro iliyobonyezwa kitako. Pima asubuhi, pima jioni, mpe mtu mwingine apime: kila mara utapata kiasi kilekile. Kipimo hakiyumbi. Lakini kilo 2 hazipo, na mnunuzi ameumia. Kutoyumba huko ndiko uthabiti. Kupima kweli kinachodaiwa kupimwa ndiko uhalali. Kipimo kinaweza kuwa na uthabiti kikakosa uhalali, na ndiyo maana mtafiti anayeandika ukurasa mzima kuhusu uthabiti wa hojaji yake na sentensi moja kuhusu uhalali bado hajatuambia kama mkebe umebonyea.

Jambo jingine ambalo husahaulika: uhalali haukai ndani ya karatasi. Tunauliza kama matokeo ya hojaji hii, kwa wanafunzi hawa, yanaweza kuaminiwa kwa lengo hili. Hojaji iliyoonekana kufanya kazi vizuri kwa wanafunzi wa chuo kikuu Njoro inaweza kumshinda mwanafunzi wa Gredi ya 9 katika shule ya kutwa kule Nyatike. Inayofaa kulinganisha wastani wa makundi katika utafiti huenda isifae kabisa kuamulia hatima ya mtoto mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia hojaji yake "ilishathibitishwa", swali linalofuata ni: kwa akina nani, na kwa kazi gani?

Kutafsiri kwenda, kutafsiri kurudi

Njia inayojulikana zaidi ni hii. Watu wawili hutafsiri kila mmoja kivyake, kisha hukaa pamoja kulinganisha na kukubaliana. Mtu wa tatu, ambaye hajaiona hojaji ya asili, huirudisha Kiingereza. Kamati huweka matoleo yote mezani na kutafuta mahali maana imepotea. Richard Brislin aliandika kuhusu utaratibu wa kurudisha tafsiri mwaka 1970, na tangu hapo umekuwa kama lazima katika kila pendekezo la utafiti.

Ni utaratibu mzuri, lakini una udhaifu ambao haupewi uzito wa kutosha. Tafsiri mbovu ya neno kwa neno hurudi Kiingereza ikiwa safi kabisa. Hojaji ya Savickas ina kauli, "Counting on myself" kwa Kiingereza, inayomaanisha mtu kuweza kujitumainia mwenyewe. Mtafsiri mvivu akaandika "Kuhesabu juu yangu mwenyewe". Hicho si Kiswahili cha mtu yeyote. Lakini mpe anayejua Kiingereza airudishe, na atakuletea kauli ya asili bila kasoro, kwa sababu muundo wa Kiingereza ulikuwa umejificha humo tangu mwanzo. Kamati itapiga makofi. Mwanafunzi ndiye atakayekwama.

Ndiyo maana hatua ninayoithamini kuliko zote ni ile inayorukwa zaidi: kuketi na mwanafunzi mmoja mmoja, kumwomba asome kauli kwa sauti, ajibu, kisha aeleze alielewa nini na kwa nini akachagua nambari hiyo. Haihitaji watu wengi. Wanafunzi kumi hivi, wa shule na jinsia tofauti, wanatosha kufichua matatizo makubwa.

Mfikirie msichana wa miaka 17 ameketi kwenye benchi nyuma ya maktaba, karatasi mkononi. Kauli ya kwanza inasema: "Nina wasiwasi kuhusu kazi yangu ya baadaye." Anatia 5 bila kusita. Ukimuuliza kwa nini, anasema: "Karo haijalipwa. Sioni vile nitamaliza." Katika hojaji ya asili, kauli hiyo ilihesabiwa kuwa nguvu: mtu anayeijali kesho yake. Neno la Kiingereza lililotumika linabeba kujali na pia kuhangaika, na mtafsiri alishika upande wa pili. Sasa hofu ya msichana huyu imeingia kwenye jumla kama sifa njema, na kadiri anavyoogopa ndivyo anavyoonekana yuko tayari.

Anaendelea. "Natetea imani yangu." Anatabasamu: "Ndiyo. Mimi ni Msabato, hata kukiwa na masomo ya Jumamosi siendi." Amejibu kwa ukweli na kwa ufasaha, ila kuhusu jambo jingine, kauli ilikusudia msimamo wa mtu katika mambo anayoyaamini kwa jumla, dini ikiwa sehemu ndogo tu. Halafu: "Najitegemea." Anakunja uso. "Bado niko kwa mamangu, nitajitegemea aje?" Kwa Kiswahili cha kawaida kujitegemea ni kuwa na chako: kulipa kodi ya nyumba, kununua unga. Anatia 1.

Kauli tatu, na tayari alama ya binti huyu imepotoka mara tatu, kila moja kwa njia yake. Hakuna hesabu ya kompyuta ambayo ingekueleza sababu. Ni yeye tu angeweza.

Ngazi ya majibu nayo ina mitego yake. Tofauti kati ya 4 na 5 katika hojaji ya asili ni kati ya "nguvu sana" na "nguvu kuliko zote". Mtafsiri akiandika "imara sana" na "imara mno", wanafunzi wengi hawataona tofauti, na nambari mbili zitakuwa zimegeuka moja. Ni afadhali kuweka maneno machache yanayoeleweka wazi na kuyajaribu kabla, kuliko kung'ang'ania ngazi tano ambazo masikioni mwa mjibuji ni nne.

Hesabu zinasaidia wapi

Baada ya maneno kunyooka ndipo hojaji hupelekwa kwa wanafunzi wengi. Wangapi? Watafiti wengi hufuata kanuni ya watu 5 hadi 10 kwa kila kauli, yaani 120 hadi 240 kwa kauli 24. Mimi huwaambia wanaoniuliza wavuke 300 wakiweza, na wasiwatoe wote katika shule moja ya bweni. Wanafunzi 30 wa shule jirani, idadi inayotajwa katika tasnifu nyingi, wanafaa kujaribu kama maelekezo yanaeleweka na kama dakika 15 zinatosha. Hawawezi kubeba uthibitisho wa hojaji.

Kinachotazamwa kwanza ni kama kauli za sehemu moja zinakwenda pamoja. Aliyetia juu kwenye "kujifunza stadi mpya" anatarajiwa kuelekea juu pia kwenye "kutatua matatizo". Kipimo maarufu cha jambo hilo ni alfa ya Cronbach, iliyotolewa mwaka 1951. Kwa kawaida huwa kati ya 0 na 1, na desturi ni kuridhika ikifika 0.70. Katika utafiti wa nchi 13, hojaji nzima ilipata 0.92. Lakini alfa inazungumzia uthabiti peke yake, na tena uthabiti wa aina moja. Maswali 24 yanayouliza kitu kilekile kwa maneno tofauti yatapata alfa ya juu ajabu na yasituambie lolote jipya. Ikivuka 0.95, mimi huanza kushuku kwamba kauli zinarudiana. Au kwamba wanafunzi walitia 4 kuanzia juu hadi chini wakitazama saa ya chakula, jambo linalowezekana sana kwa hojaji ambayo kauli zake zote zimeelekea upande mmoja.

Kisha inaangaliwa kama kauli 24 kweli zinajipanga katika makundi manne yaliyodaiwa. Wataalamu huuita uchanganuzi thibitishi wa vipengele. Msomaji hahitaji kujua hesabu zake, anahitaji kujua swali lake: je, majibu ya wanafunzi wetu yana umbo lile lile ambalo wenye nadharia walilichora? Kauli ikikataa kundi lake, kama ile ya "wasiwasi" ingeweza kufanya, mtafiti mzuri hakimbilii kuifuta. Anarudi kwa wanafunzi kuuliza kwa nini.

Na bado haitoshi. Kauli zinaweza kujipanga vizuri na zisihusiane na maisha ya mtu. Ushahidi ninaoupenda ni ule unaotoka nje ya karatasi. Baada ya miezi sita, ni nani alikwenda siku ya wazi katika Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Kisumu? Ni nani, KUCCPS (shirika la serikali linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo) ilipofungua tovuti, alikuwa ameshajua alama zake za kozi na njia mbadala mbili, na ni nani aliyetumiwa orodha na rafiki dakika za mwisho kwenye saiba? Ikiwa waliopata alama za juu za udadisi hawakuchunguza chochote zaidi ya wenzao, tumepima kitu kingine, labda ufundi wa kujieleza vizuri.

Kumiliki maamuzi katika familia ya huku kwetu

Sehemu inayohitaji jicho kali kuliko zote ni ya pili. Kauli zake ni kama kufanya maamuzi mwenyewe, kujitumainia, kufanya lililo sawa kwangu. Katika ule utafiti wa nchi 13 ndiyo sehemu iliyokuwa na uthabiti wa chini kuliko zote: 0.74, ilhali kujiamini kulikuwa na 0.85. Hata huko, basi, kauli zake hazikushikana sana kama za sehemu nyingine.

Zilete sasa Siaya. Karo ya kijana inalipwa na mjomba aliye Nairobi. Pesa za kuingilia chuo zilichangwa kwa harambee, na jina la kila aliyetoa limeandikwa kwenye daftari la mweka hazina. Anapochagua kozi, anampigia mjomba, anaketi na mama, anamtafuta binamu aliyesomea jambo hilo Maseno na kumuuliza kama kweli kuna kazi. Anasikiliza wote, kisha anashika lake. Kwa maoni yangu kijana huyo ameamua kwa busara, na uamuzi ni wake. Lakini akikutana na "Nafanya maamuzi peke yangu", anatia 2, kwa sababu ni mkweli. Ripoti itasema ana upungufu wa kumiliki maamuzi, na mshauri asiyefikiri atampangia mafunzo ya kujitenga na watu wanaomlipia karo.

Huwezi kujua kwa kutazama nambari kama 2 hiyo ni ya kijana huyu au ya yule ambaye kweli hana sauti nyumbani, ambaye baba ameshatamka "utakuwa daktari" na mjadala ukafungwa. Hao ni vijana wawili tofauti kabisa, na wa pili anahitaji msaada kwelikweli.

Kurekebisha hili kuna njia ya heshima. Mtafiti asiibadilishe kauli kimyakimya, kwa maana hapo atakuwa amepoteza uwezo wa kulinganisha na nchi nyingine huku akiendelea kutumia jina la hojaji ile. Aiache ya asili, aongeze kando kauli mbili tatu zilizotungwa kutokana na mazungumzo na wanafunzi wa hapa, mfano "Nikishauriana na familia, bado najua ninachotaka mimi", halafu atazame kama zinaungana na zile za asili au zinasimama peke yake. Zikiungana, tumejifunza kwamba kumiliki maamuzi huku kwetu kuna sura pana zaidi. Zikikataa, tumejifunza jambo vilevile. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayofanya tafsiri iwe na faida kwa elimu yenyewe, mbali na kupata shahada.

Kwa nini wasipewe tu ya Kiingereza?

Swali hili huulizwa sana, na ni la haki. Mwanafunzi wa Kenya hufundishwa kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya 4, na wapo wengi mjini Nakuru na Kisumu ambao hukisoma Kiingereza kwa kasi kuliko Kiswahili sanifu. Neno kama "mustakabali" linaweza kumsumbua zaidi kuliko lile la Kiingereza. Nyumbani huenda wanazungumza Dholuo, Kibukusu, Ekegusii au Gikuyu, na mtaani Sheng. Kwa hiyo sishikilii kwamba Kiswahili lazima kiwe ndicho bora kila mahali.

Ninachokataa ni dhana kwamba Kiingereza kinaondoa haja ya uthibitisho. Hojaji ya Kiingereza iliyotungwa Marekani ikiletwa Kakamega bila kuguswa bado inasomwa na mtu ambaye mjomba ndiye anayemlipia karo. Tatizo la kumiliki maamuzi lipo palepale, ila sasa limejificha nyuma ya lugha ya darasani, na mwanafunzi ana sababu ya ziada ya kujibu anavyodhani mwalimu anataka. Vilevile, kuazima toleo la Kiswahili kutoka Tanzania hakutuokoi. Lugha ni moja, shule ni tofauti: fomu ikiuliza kuhusu kidato cha sita, mwanafunzi wa Bungoma hana cha kujaza.

Njia ya kulipima suala hili ipo na si ghali. Wachukuliwe wanafunzi wanaozimudu lugha zote mbili, nusu waanze na ya Kiswahili na nusu na ya Kiingereza, na baada ya wiki mbili wabadilishane. Kauli ambayo majibu yake yanaruka kutoka lugha moja hadi nyingine ndiyo yenye kasoro. Kwa shule nyingi huenda jibu likawa kuweka lugha zote mbili kwenye karatasi moja, ubavu kwa ubavu.

Kabla ya kulinganisha

Magazeti na ripoti hupenda vichwa vya kulinganisha: wavulana wamewashinda wasichana kwa kujiamini, Nakuru imeipita Kisumu. Kulinganisha huko kuna sharti. Lazima kwanza ionyeshwe kwamba kauli zinafanya kazi kwa namna moja katika makundi yote mawili, jambo ambalo watafiti huliita usawa wa kipimo. Ikiwa wasichana, kwa malezi waliyopata, huona kujisifu ni utovu wa adabu na hutia 3 pale ambapo mvulana mwenye uwezo uleule hutia 4, tofauti ya wastani itahusu adabu ya kujibu, na kujiamini hakutakuwa kumepimwa. Hesabu za kukagua hilo zipo, na bila hizo ulinganisho huo usichapishwe.

Namna ya kujaza nayo huathiri. Fomu ikigawiwa na naibu mwalimu mkuu, mwanafunzi akiambiwa aandike jina na namba ya usajili, atajibu kama mtu anayeangaliwa. Utafiti halali hupata kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti, huomba idhini ya wazazi kwa walio chini ya miaka 18, na humruhusu mwanafunzi kukataa bila kuadhibiwa. Taratibu hizo hulinda watoto, na papo hapo hulinda ukweli wa majibu.

Mwalimu wa ushauri nasaha anayetaka kuitumia hojaji hii kesho asubuhi afanye nini? Aachane na jumla. Aangalie majibu ya kauli moja moja na ayafanye mwanzo wa mazungumzo: "Hapa umetia 1, hebu niambie zaidi." Wastani wa darasa zima unaweza kumwonyesha kwamba udadisi uko chini kuliko mengine, akapanga ziara au kualika wafanyakazi waje kuzungumza. Asimpangie mtoto mkondo kwa alama hiyo, na asiibandike ubaoni.

Mzazi naye ana mengi ya kuuliza kabla ya kuikubali nambari aliyoletewa. Hojaji ilitoka wapi, na wenyewe waliruhusu itafsiriwe? Ilijaribiwa kwa wanafunzi wa Kenya wa umri wa mtoto wangu? Kuna mwanafunzi aliyewahi kuketishwa akaulizwa alielewa nini? Matokeo yatakaa wapi, na nani atayaona? Shule ikishindwa kujibu, mzazi hajafungwa mikono. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa nini, na ya kudai zile za uongo au za kupotosha zisahihishwe au zifutwe. Kwa mtoto, haki hiyo hutekelezwa na mzazi au mlezi wake, na barua fupi kwa mwalimu mkuu inatosha kuanzia.